Mrututu: Maji Yaliyomo Ndani ya Jiwe Kavu

Somo letu la leo ni juu ya kitu ambacho wazee wa Mkuu, na wa Kilimanjaro nzima, wanakifahamu vizuri, nacho ni mrututu. Ni yale mawe madogo ya rangi ya buluu, mazuri sana kuyatazama, ambayo kwa miaka mingi wakulima waliyachanganya na chokaa wakayapuliza juu ya mibuni. Wengi wenu mmekwisha kuyashika. Lakini ni wachache waliopata kuuliza: Kwa nini mrututu ni wa buluu? Kwa nini kila kipande kina nyuso bapa na pembe kali, kana kwamba fundi amekichonga? Na kwa nini jiwe lililo kavu kabisa mkononi hutoa maji likitiwa motoni?

Msidhani kwamba maswali haya ni ya wanafunzi wa shule tu. Mtu anayepima mrututu kwa mizani bila ya kujua kilichomo ndani yake aweza kuunguza majani ya mibuni yake, au kutoboa bomba lake, au kumlisha kondoo wake sumu bila kujua. Basi tuanze.

Kwanza, jaribio dogo. Lifanywe na mtu mzima, nje ya nyumba, wala si katika chombo cha kupikia. Chukua kipande cha mrututu chenye ukubwa wa punje ya mahindi, kisage, ukiweke juu ya kipande cha bati safi, kisha ukiweke bati hilo juu ya jiko la makaa yasiyowaka sana. Baada ya dakika chache utaona rangi ya buluu inafifia, na mwisho unga umekuwa mweupe kama chokaa. Ukishikilia kioo baridi juu yake kidogo, utaona umande. Sasa uondoe motoni (usingoje mpaka unga ugeuke mweusi), uache upoe, kisha dondosha tone moja la maji. Mara moja buluu inarudi, na ukisogeza kidole chini ya bati utahisi joto. Maji yametoka, yamerudi, na yaliporudi yalileta moto kidogo. Kitu kinachofanya hivi si jiwe lililolowana tu. Maji ni sehemu ya jengo lake.

Nayo si maji kidogo. Ukipima gramu 100 za mrututu wa buluu, gramu 36 ni maji. Shaba yenyewe, ile shaba nyekundu inayotiwa ndani ya nyaya za umeme, ni kadiri ya gramu 25 na nusu. Kinachobaki ni salfa na oksijeni, zilizoungana pamoja kuwa kitu kiitwacho salfeti. Wazee waliiita salfa kwa jina la kiberiti. Basi mrututu ni salfeti ya shaba, na kwa kila atomu moja ya shaba kuna salfeti moja na molekuli tano za maji. Atomu ni chembe ndogo kabisa ya kitu kama shaba au salfa; molekuli ya maji ni haidrojeni mbili na oksijeni moja zilizoshikana.

Sasa tuingie ndani. Fikiri umekuwa mdogo kuliko mdudu chawa mara milioni nyingi, hata ukaweza kupita katikati ya chembe hizo. Ungeona nini?

Ungeikuta atomu ya shaba imeketi katikati, kama mzee wa ukoo aliyeketi uani kwake. Kumzunguka, karibu naye kabisa, wameketi wageni wanne, nao ni molekuli nne za maji. Wamekaa katika pembe nne za mraba, kila mmoja ameelekeza oksijeni yake kwa mzee. Umbali kutoka kwa mzee mpaka kwa mgeni ni mdogo ajabu. Gawanya milimita moja katika sehemu milioni kumi, kisha chukua sehemu mbili: basi ndio huo. Juu ya mraba huo kuna jirani mwingine, na chini yake mwingine, lakini hawa si maji. Ni oksijeni za salfeti, nao wamesimama mbali zaidi, kadiri ya moja ya tano ya umbali wa wale wanne. Kwa hiyo shaba ina majirani sita, wanne wa karibu na wawili wa mbali.

Je, wale wawili wa juu na chini ni wa nani? Hapa ndipo jengo linapopendeza. Salfeti ina oksijeni nne, nayo hutoa oksijeni moja kwa shaba huyu, na nyingine kwa shaba aliye jirani. Ni kama mtu aliyenyoosha mikono miwili, mkono mmoja kwa nyumba hii na mkono mwingine kwa nyumba ya pili. Hivyo shaba na salfeti hushikana mmoja baada ya mwingine, shaba, salfeti, shaba, salfeti, mnyororo mrefu unaokwenda mpaka mwisho wa jiwe.

Mtasema: Bwana, umetuambia molekuli tano za maji, nawe umehesabu nne tu. Ni kweli. Ile ya tano haikuketi na shaba hata kidogo. Imesimama katika nafasi iliyo kati ya minyororo, imeshikwa na haidrojeni za wale wageni wanne upande mmoja, nayo kwa haidrojeni zake yenyewe imezishika oksijeni za salfeti upande wa pili. Ni kama udongo unaojaza nafasi kati ya mawe ya ukuta. Lakini udongo huo una mahali pake maalumu, hauwekwi ovyo.

Mpango huu wote hurudiwa tena na tena, pande zote, bila ya kubadilika. Tazama jinsi mibuni ilivyopandwa kwa mstari katika shamba lililopimwa vizuri: ukijua mibuni michache ya kona moja, waweza kusema mbuni wa mia utakuwa wapi. Kitu kilichopangwa ndani yake namna hiyo huitwa fuwele. Chumvi ni fuwele, sukari ni fuwele, theluji iliyo kileleni mwa Kibo ni fuwele. Na zile nyuso bapa za mrututu ni mistari hiyo iliyojitokeza nje. Lakini mrututu una ukaidi wake. Fuwele ya chumvi ni kama sanduku lenye pembe za mraba. Kisanduku cha mrututu kimepinda pande zote, wala hakina hata pembe moja iliyo sawa. Kumbukeni jambo hilo, maana liliwapa wataalamu taabu ya miaka 22.

Mtu aliyeanza kufahamu kwamba metali hujizungushia majirani kwa hesabu maalumu ni Alfred Werner, aliyekuwa akifundisha Zurich katika Uswisi. Mwaka 1893 alitoa maelezo yake kwamba atomu ya metali huwa na nafasi zilizohesabiwa kuizunguka, mara nyingi sita au nne, na kwamba nafasi hizo hukaa katika pembe maalumu. Wengi walimpinga, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuona. Yeye mwenyewe alifikiri kwa kutazama rangi na kwa kuhesabu tu, na zaidi alitumia metali iitwayo kobalti. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1913.

Kuona kulikuja kwa njia nyingine, na hapa mrututu wetu una heshima ambayo wakulima wengi hawana habari nayo. Mwaka 1912, mjini Munich katika Ujerumani, Max Laue aliwaza hivi: Ikiwa ndani ya fuwele atomu zimepangwa kwa mistari, basi miale ya eksirei ikipita ndani yake lazima itawanyike kwa mpango, siyo ovyo. Walter Friedrich na Paul Knipping wakafanya jaribio hilo. Walihitaji fuwele, na waliyoichukua kwanza ilikuwa ni ya mrututu. Wakaielekezea miale, wakaweka bamba la picha nyuma yake. Walipolisafisha bamba waliona doa kubwa katikati, na kulizunguka, madoa madogo madogo. Ndiyo picha ya kwanza ya namna hiyo duniani. Kwa siku moja walikuwa wamepata ushahidi wa mambo mawili: kwamba eksirei ni mawimbi, na kwamba atomu katika fuwele zimepangwa kwa mistari. Laue alipata tuzo ya Nobel mwaka 1914.

Lakini kuona madoa si kuyasoma. Kwa sababu ya zile pembe zilizopinda, picha ya mrututu ilikuwa kama barua iliyoandikwa kwa lugha ngumu, nao wakaiweka kando, wakashika fuwele zilizo rahisi zaidi. Huko Uingereza William Bragg na mwanawe Lawrence wakafaulu kusoma fuwele ya chumvi. Mrututu ulingoja mpaka mwaka 1934, ndipo vijana wawili wa Uingereza, Beevers na Lipson, walipofaulu kuusoma wote, maji yote matano kila moja mahali pake. Kazi ilikuwa ya hesabu tupu, maelfu ya kujumlisha kwa mkono, wala wakati ule hapakuwa na kompyuta. Baadaye walitengeneza vipande vyembamba vya karatasi ngumu vilivyochapishwa namba tayari, ili mtu achague vipande avipange na kujumlisha upesi, na vipande hivyo vikatumiwa na wataalamu wa fuwele katika nchi nyingi kwa miaka mingi. Mimi napenda sana habari ya vipande hivyo; ni kazi ya akili iliyofanywa kwa karatasi na sanduku la mbao.

Sasa twaweza kujibu swali la rangi. Rangi ya buluu haimo katika shaba peke yake, wala haimo katika maji. Imo katika kuketi kwao pamoja. Shaba ikizungukwa karibu na maji manne humeza sehemu nyekundu ya nuru ya jua, na nuru iliyobaki ikifika machoni petu tunaiona ya buluu. Yafukuze maji, shaba itabaki na oksijeni za salfeti tu. Hizi haziishiki kwa nguvu kama maji, nayo haimezi tena nuru ile tunayoweza kuiona. Ndiyo maana unga ule katika bati ulikuwa mweupe. Shaba ilikuwamo yote, haikupungua hata chembe.

Maji nayo hayatoki yote pamoja. Joto likifika kadiri ya digrii 110, manne yamekwisha kwenda; la mwisho hushikilia mpaka joto likaribie digrii 200 au kupita. Baadhi ya vitabu vya shule husema kwamba hilo la mwisho ndilo lile la tano, lililosimama peke yake kati ya minyororo. Ni maelezo mepesi kukumbuka, lakini si sahihi. Maji yanapotoka, jengo lote hubomoka na kujengwa upya, na katika unga wenye maji mamoja tu, maji hayo yameshikwa na shaba mbili kwa pamoja. Hiyo ndiyo sababu yake ya kukataa kutoka.

Turudi basi shambani. Mwaka 1885 huko Bordeaux, Ufaransa, profesa Millardet alitangaza dawa ya shaba na chokaa. Wakulima wa zabibu walikuwa wakipaka mchanganyiko huo kwenye mizabibu iliyo kando ya barabara, ili wapita njia wachukizwe na rangi yake wasiibe. Millardet akaona kwamba mizabibu iliyopakwa haikushikwa na ukungu, na ile ya ndani ilikufa majani. Dawa ya kufukuza wezi ikawa dawa ya ugonjwa, ikaenea dunia nzima. Kwetu ilitumiwa juu ya kutu ya majani ya kahawa, na dawa za shaba zilitumiwa pia kupigana na chulebuni, ule ugonjwa wa matunda ulioonekana Kenya mwaka 1922 na kufika Tanzania katika miaka ya 1960. Siku hizi wengi hununua dawa za shaba zilizokwisha kutengenezwa kiwandani, na taasisi ya utafiti wa kahawa iliyopo Lyamungu imetoa miche isiyoshikwa upesi na magonjwa hayo. Hata hivyo mibuni ya zamani ingali mingi, na shaba ni shaba, iwe ya kiwandani au ya ndoo.

Kwa nini mrututu peke yake huunguza majani? Kwa sababu ukiyeyuka, shaba huendelea kujizungushia maji, na huyavuta kwa nguvu hata baadhi yake huachilia haidrojeni. Maji hayo yakawa na ukali wa asidi. Chokaa huuondoa ukali huo. Shaba huacha salfeti na kushikamana na vitu vya chokaa, ikawa uji mwepesi wa buluu ya mawingu, usioyeyuka, unaoganda juu ya jani hata mvua ikinyesha. Kisha umande huchukua shaba kidogo kidogo, na mbegu ya ukungu inayotaka kuota juu ya jani hufa kabla ya kuingia. Angalieni: dawa hii ni ulinzi wa jani zima, si tiba ya jani lililokwisha kuugua.

Kipimo kilichojulikana sana ni gramu 100 za mrututu na gramu 100 za chokaa iliyozimwa, katika lita 10 za maji. Lakini kwa shamba lako mwulize bwana shamba. Yeyusha mrututu katika ndoo ya plastiki, wala si ya chuma, kwa kuwa chuma huliwa na shaba hukaa juu yake, ukapoteza ndoo na dawa pia. Ni vizuri kuufunga katika kitambaa na kuuning'iniza karibu na uso wa maji. Maji yenye mrututu ni mazito, hushuka chini yenyewe, na maji mapya huja juu kuyeyusha zaidi. Ukiutupa chini ya ndoo utakaa pale pale mpaka uchoke kukoroga. Chokaa nayo ikorogwe katika nusu nyingine ya maji, na mrututu umiminwe ndani ya chokaa huku mwenzako akikoroga. Chokaa iliyokaa wazi miezi mingi imekwisha kufa, haifai.

Na mizani? Mrututu ukiachwa mahali pakavu penye joto hupauka. Ukiukuta umekuwa mweupe, maji yamepungua na shaba imezidi katika kila kijiko. Ule mweupe kabisa, gramu 64 zake zina shaba sawa na gramu 100 za buluu. Anayepima gramu 100 za mweupe ametia dawa mara moja na nusu na zaidi, na majani yatamwambia.

Sasa neno juu ya sumu, nami naomba mlisikilize vizuri. Wazee walipaka mrututu juu ya vidonda. Tusifanye hivyo, huchoma nyama na shaba huingia mwilini. Kidonda kipelekwe zahanati. Ukimezwa huweza kuua, basi usiwekwe katika chupa ya soda wala karibu na watoto. Ndoo na bomba visioshwe katika mfongo, maana samaki na viumbe vya majini hufa kwa shaba kidogo sana.

Tena kuna jambo la udongo. Dawa nyingine huoza; shaba haiozi. Kila kilo moja ya mrututu iliyopulizwa imeacha robo kilo ya shaba katika kihamba, na mvua haiichukui kwa urahisi. Sababu ni ile ile tuliyoiona ndani ya jiwe: shaba hupenda kujizungushia majirani. Katika udongo wenye mbolea nyingi huikuta mboji, huishika kwa oksijeni zake, nayo hutulia pale juu, palipo na mizizi ya migomba na maharage. Wachunguzi waliopima udongo wa mashamba ya zamani ya kahawa huku Kilimanjaro wameikuta shaba imekusanyika. Basi usipulize kwa mazoea, puliza kwa sababu. Na anayekata majani chini ya mibuni iliyopulizwa ili kulisha mifugo zizini, asimpe kondoo. Ng'ombe na mbuzi huvumilia shaba zaidi, lakini kondoo huiweka katika ini siku nyingi bila dalili yoyote, kisha siku moja huanguka.

Kazi ya kikundi kabla ya somo lijalo ni hii. Tengenezeni dawa kidogo ya chokaa na mrututu katika kopo la plastiki. Chukueni msumari mpya, msugueni kwa mchanga mpaka ung'ae, uchovyeni kwa dakika moja. Ukitoka na rangi nyekundu ya shaba, chokaa haijatosha na jani litaungua. Ongezeni chokaa kidogo mjaribu tena, mpaka msumari utoke mweupe kama ulivyoingia. Andikeni ni vijiko vingapi vya chokaa mlivyoongeza, na mwandike pia chokaa hiyo ilinunuliwa lini.